Sura ya Kamba

Kosa lenyewe ni hili, na lisemwe mapema lisije likadhaniwa ni porojo za mwanamke mwenye kinyongo: kaka mtu, aliyejua kusoma, alimsomea mdogo wake asiyejua kusoma kitabu ambacho hakikuandikwa. Kitabu alikuwa nacho mkononi, na kurasa alikuwa anazifunua moja baada ya nyingine, ila maneno yaliyomtoka mdomoni hayakuwa yale yaliyokuwa kwenye karatasi. Mdogo mtu akayaamini. Akayafuata maisha yake yote kama mtu anayefuata tochi gizani. Alipokuja kuyajua yaliyoandikwa alikuwa mama mzima mwenye mvi, na maneno hayo ya uongo alikuwa amekwisha kumpitishia binti yake wa kumzaa.

Mdogo mtu huyo ni mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, na wenzake wanamwita Kobe. Jina hilo hakulipata kwa umri wala kwa mwendo. Alilipata kwa mkono. Wenzake wakimaliza makoti mawili ya madaktari, yeye bado anabembeleza kola ya koti la kwanza. Msimamizi alimsema mpaka akachoka, maana koti likitoka mikononi mwa Kobe halirudishwi na mtu.

"Kobe, hilo koti unalipiga pasi au unaliombea?" humwuliza Mama Pacha.

"Naliombea lipate mvaaji mwenye akili kukushinda."

Mama Pacha ni mwenzake wa kukunja mashuka. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wawili husimama wakitazamana, kila mmoja kashika pembe mbili, wakavuta, wakapiga, wakasogeleana, pembe zikakutana, wakaachana tena. Mama Pacha husema yeye na Kobe wamesogeleana mara nyingi kuliko watu na waume zao, na Kobe humjibu kwamba kwa upande wake hilo si la kujivunia, kwani mume wake mwenyewe alikwenda mbali kutafuta kazi, akapata kazi na mke.

Uzito ule wa mkono aliupata utotoni. Kaka yake, ambaye siku hizi ukoo mzima unamwita Afisa kwa vile alistaafu akiwa na meza yake na simu yake, wakati huo alikuwa mwanafunzi mwenye mashati mawili meupe. Yeye mdogo mtu shule aliionja kama watu wanavyoonja chumvi ya mchuzi, kwa ncha ya kijiko. Alianza kwa kuchelewa, akawa bado anaimba irabu wakati wenzake wanasoma. Ndugu hao wakawa na mapatano yao: yeye ampigie kaka mashati pasi, ile pasi nzito ya mkaa, na kaka akae kwenye kigoda amsomee. Shati likiisha, kitabu kinafungwa. Mtoto akili yake ikamtuma jambo rahisi: shati lisiishe upesi. Akajifunza kurudia mikono, kuipooza pasi makusudi, kwenda kuchochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Kumbe alikuwa anajifunza kazi.

Kitabu kilikuwa kimoja tu, hakina jalada, kaka alikipata kwa kubadilishana na mwenzake kwa mpira wa matambara. Kilikuwa kisa cha mchimba mawe aliyeingia katika mapango ya mlima asitoke. Mnunuzi wa mawe, mtu mwenye meno ya fedha, anawatangazia watu kwamba mchimbaji amekufa, mlango wa pango uzibwe, maana anajua ndani kuna kitu anachokitaka peke yake. Watoto wawili wa mchimbaji, mvulana na dada yake, hawakubali. Wanabeba taa, mkate na kamba, wanaingia kumtafuta baba yao. Humo mna popo wengi kama majani, mna mto unaopita chini ya ardhi bila kuona jua, mna samaki wasio na macho. Kobe aliwapenda sana samaki wale. Akienda kuchota maji alikuwa akifumba macho, atembee kama samaki, mpaka siku aliyojigonga kwenye ukuta wa jirani akapasuka kipaji cha uso.

Ila aliyempenda kuliko wote alikuwa yule msichana wa kitabuni. Aliongea kama yeye. Alikuwa mbishi, alikuwa na njaa kila wakati, na aliwaogopa popo lakini hakusema.

Siku ya sura ya kamba hakukuwa na shati la kupiga. Mashati yote mawili yalikuwa yananing'inia, meupe pe. Kaka alimfuata mwenyewe jikoni, kitabu mkononi, akasema, "Kaa hapahapa nikusomee." Bure. Alidhani ni upendo.

Katika sura hiyo wale watoto wawili wanafika kwenye shimo lisiloonekana mwisho. Hakuna njia ila kushuka kwa kamba. Kaka akasoma, polepole kuliko siku zote: "Dada akasema, Wewe nenda, kaka yangu. Mimi nitabaki hapa juu, nishike kamba. Pasipo mshika kamba, hakuna anayerudi." Akasoma tena mara ya pili, kana kwamba mstari ule umemwingia. Kisha mvulana akashuka, akapambana na yule mwenye meno ya fedha, akamkuta baba, na dada huko juu akawa ameshika kamba mpaka viganja vikachubuka, bila kulia.

Wiki hiyohiyo baba yao akawaita wote wawili. Kazi yake ilikuwa imepungua. Alikaa kwenye kitanda, mikono katikati ya magoti, akasema shule imekuwa nzito, haiwezi kubeba watoto wawili kwa pamoja, na hajui afanye nini. Hakumtaja mtu. Alikuwa mtu mwenye haya, yule baba, huenda alikuwa anatafuta njia ya kuwaambia waende kwa zamu. Lakini kabla hajafika huko, yule mtoto wa kike akasimama. Hakuna aliyemsukuma. Akasema kwa sauti kama ya kuimba:

"Asome kaka. Mimi nitashika kamba."

Baba yake hakuelewa kamba gani, lakini alielewa mengine, akamvuta kifuani na macho yakamlengalenga. Mama yake akamwita mtu mzima. Majirani wakamsifu. Kaka alikuwa anatazama ukutani.

Akavishwa kilemba cha ukoka, akakivaa, akatembea nacho mtaa mzima.

Tangu hapo maneno ya kamba yakawa msemo wake. Kule kazini walishazoea. Wakati wa kukunja mashuka husimulia habari za popo na samaki vipofu, wenzake wakisahau mvuke na joto, na mwisho lazima afike pale: kila nyumba ina mshika kamba wake, asiyeonekana, lakini bila yeye hakuna anayerudi. Mfuaji mmoja kijana, aliyekuwa ameamua kuondoka kwa mume mwenye mkono mwepesi, alimfuata siku moja nyuma ya mapipa ya sabuni, analia. Kobe alimshika bega akamwambia ashike kamba. Yule binti akarudi kwake. Baadaye hakuonekana tena kazini, na habari zake hazikuwa nzuri.

Kusoma alikuja kujifunza akiwa hapohapo kazini, ukubwani, tena kwa kulazimika. Zamani kila wodi ilikuwa na uzi wake kwenye pindo la shuka: mwekundu wa wazazi, njano wa watoto, kijani wa chumba cha upasuaji. Mtu hakuhitaji shule kuupanga mzigo. Wakaja viongozi wapya, wakafuta nyuzi, wakapiga mihuri ya herufi kwa wino mweusi. Siku ya kwanza tu mashuka ya upasuaji yakaenda kwa wazazi na ya wazazi yakaenda kwa wanaume wenye mifupa iliyovunjika. Kobe aliitwa ofisini, akasema miwani yake imevunjika. Msimamizi akamwambia bila kumtazama, "Hujawahi kuwa na miwani." Kuanzia hapo akawa anakwenda darasa la jioni la watu wazima, begi lake amelificha ndani ya mfuko wa sokoni, ili mtaani wadhani ananunua vitunguu.

Sasa mwaka huu mama yao, ambaye wajukuu wanamwita Bibi, aliteleza bafuni kwa Afisa anakoishi, akavunjika nyonga. Kiliitwa kikao cha familia. Sebule ya Afisa ina sofa zenye vitambaa na kabati la vioo lililojaa vikombe visivyonywewa. Afisa akafungua kikao kama alivyozoea kazini, kwa kukohoa.

"Jamani, hali mnaiona. Mimi mwenyewe presha. Wifi yenu hushinda dukani kutwa. Mtu wa kuajiri hawezi kumtunza Mama kama damu yake."

"Mtu wa kuajiri atanichemshia maji ya moto kama anachinja kuku," Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake. Wakacheka.

"Ndiyo hivyo. Nikawa nafikiri, huyu mjomba wangu." Alikuwa anamsema Kitinda, akimrudishia jina ambalo Kitinda humwitia yeye, kama watu wanavyowafanyia watoto. Kitinda ni mziwanda wa Kobe, binti mrefu, mkimya, aliyekuwa amepata nafasi katika chuo cha ufundi cha mji mwingine, akajifunze kutengeneza mafriji na mashine za baridi. "Ni miaka miwili mitatu tu, mpaka Mama atakaposimama. Chuo kipo."

Watu wote wakamgeukia Kobe. Akasimama, kama alivyosimama zamani. Akasema kila nyumba ina mshika kamba wake. Yeye alishika ya kwake, hakulia. Sasa ni zamu ya Kitinda, na chuo hakikimbii.

Walimpigia makofi. Wifi, mke wa Afisa, alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kitinda alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Kikao kilipokwisha, macho ya Kobe yakaangukia kwenye kabati la vioo, rafu ya chini. Kitabu kisicho na jalada kilikuwa pale, kimelala chini ya birika la maua.

"Kaka, naomba kile kitabu chetu."

"Kipi?"

"Cha mapango."

"Ah, kile kimeshaliwa na wadudu. Utakifanyia nini, utakipiga pasi?"

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, akainamisha uso. Hakuwaambia kwamba siku hizi anasoma. Afisa akawa anatafuta ufunguo ambao haupatikani. Ni wifi aliyeutoa ndani ya kikombe kilichokuwa juu ya kabati. "Mpe mwenzio, kinalala na vumbi tu hicho."

Akaanza kukisoma wakati wa mapumziko ya mchana, amekaa juu ya marobota ya mashuka, kidole chini ya mstari, midomo ikichezacheza. Mwanzoni ilikuwa raha asiyoitegemea. Alikuwa anajua kitakachosemwa kabla jicho halijafika, kwa hiyo neno gumu halikumsumbua. Sikio lilikuwa linalivuta jicho mkono. Popo walikuwepo. Samaki walikuwepo. Mnunuzi alikuwa na meno yake. Mara mbili alicheka peke yake, na mara moja msimamizi alipita akauliza nani amekufa akaacha urithi.

Akafika kwenye shimo. Hapo mambo yakaharibika.

Sikio lilikuwa linasema: nitabaki hapa juu, nishike kamba. Jicho likawa linaona jiwe. Akarudi mwanzo wa mstari. Jiwe. Akafikiri labda ni neno lingine linalofanana. Akalipigia silabi, ji, we, akalipata lilelile. Basi akaona kosa ni lake. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo, kwamba halikumjia hata kidogo wazo kwamba kaka alisoma vibaya. Mtu aliyejifunza ukubwani ndivyo alivyo: karatasi ikipingana na alichoambiwa na msomi, hujiona yeye ndiye mjinga. Akairudia sura hiyo kesho yake na keshokutwa. Akabadilisha mahali pa kukaa, labda mwanga. Akajisemea kwamba mwalimu wa jioni alimwonea huruma tu alipomsifia, na kwamba mzee hakunjwi kama shuka.

Mwisho, kwa kujilazimisha, akampelekea Mama Pacha.

"Hebu nisomee hapa. Macho yangu leo hayako sawa."

Mama Pacha akachukua kitabu kwa mkono mmoja, mkate kwa mkono mwingine, akasoma huku anatafuna. "Dada akaizungusha kamba kwenye jiwe, akafunga fundo, akalivuta kwa uzito wake wote. Kamba ikishikwa na mtu, alisema, mtu huchoka. Jiwe halichoki. Twende wote." Akaacha kutafuna. "We Kobe. Si ulituambia huyu alibaki juu?"

"Endelea."

Mama Pacha akaendelea. Watoto wakashuka wote. Mtoni mguu wa mvulana ukabanwa kati ya mawe, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Dada akamwachia mkate, akachukua taa, akaenda peke yake. Ndiye aliyesikia nyundo ikigonga kwa mbali. Ndiye aliyemzidi akili mwenye meno ya fedha kwa kuizima taa na kutembea gizani kwa kupapasa, kama wale samaki. Ndiye aliyemkuta baba. Yote yale aliyosomewa kwamba yalifanywa na mvulana, yalikuwa ya msichana.

"Sasa nani alikudanganya?"

"Mimi mwenyewe nilisoma vibaya."

"Wakati ule hukujua kusoma. Ulisoma vibaya kwa nini, kwa pua?"

Kobe alichukua kitabu akaenda kwenye pasi yake, na alasiri nzima akapiga makoti bila kuinua uso. Wenzake walidhani anaumwa. Alikuwa anaona haya, haya ya kweli, ile ya kutamani sakafu ifunguke. Kudanganywa kila mtu hudanganywa. Lakini yeye hakuburutwa. Angeburutwa angekuwa na wa kumlaani tu na kulala usingizi. Alisimama mwenyewe, akiwa anatabasamu, akajitoa, tena akadhani anafanana na yule msichana. Akiwa na miaka tisa alijiona shujaa wa kitabu, na shujaa wa kitabu angemcheka. Akamkumbuka yule mfuaji kijana nyuma ya mapipa ya sabuni, akaungua kidole kwa mvuke, akaona afadhali.

Akazikumbuka pia zile jioni za baadaye, kaka akisoma sura za mwisho kwa kukwama, akitazama juu darini kabla ya kila sentensi. Alikuwa akimwonea huruma, akidhani macho yamemchoka. Kumbe alikuwa anatunga. Uongo nao ni kazi, una jasho lake.

Jumamosi alimkuta Kitinda nyumbani anapanga nguo kwenye begi, kesho yake ahamie kwa mjomba.

"Acha kupanga. Huendi kwa mjomba wako."

"Kuna nini tena, Mama?"

Akampa kitabu, akamwonyesha mahali. Kitinda akasoma amesimama, kwa muda ambao Kobe asingemaliza mistari miwili. Akakirudisha.

"Kumbe hakubaki."

"Hakubaki."

"Na ndiyo maana siendi? Kwa sababu ya huyu wa kitabuni?" Sauti yake haikupanda. "Mama, ulihitaji kitabu? Siku ile nilikuwa nimekaa mbele yako. Si ungenitazama tu usoni."

Kobe akauliza kama nafasi ya chuo bado ipo.

"Ipo. Sikuwaandikia kuwa siendi. Nilikuwa nangoja uniulize ninataka nini."

Jumapili akaenda kwa Afisa peke yake. Walikuwa sebuleni, Bibi kwenye kiti chake, wifi anamenya machungwa, Afisa na gazeti. Kila mtu akatazama nyuma yake mlangoni kama kuna begi linafuata.

"Mtoto yuko wapi?" Afisa akauliza.

"Anajiandaa kwenda chuo. Kaka, Mama, wifi yangu, neno nililolisema hapa nimekuja kulichukua."

"Neno halichukuliwi, mdogo wangu. Si shuka hilo, useme limekwenda wodi siyo."

Ilikuwa dhihaka ya kumkumbusha, maana habari ya yale mashuka ilishawafikia. Kobe hakukaa. Akakifungua kitabu, akaweka kidole, akasoma sura ya kamba mbele yao, kwa sauti. Alisoma vibaya. Alikwama, alirudia, mahali pengine alipigia neno silabi kama mtoto wa darasa la kwanza, na wifi akaacha kumenya. Hakuna kitu kigumu alichowahi kufanya mbele ya watu kama kile. Hata hivyo alifika kwenye jiwe, akalipita, akafika kwenye nyundo, akamfikia baba.

Afisa akacheka. "Yaani umetoka kwako na jua hili kuja kutusomea hadithi za watoto? Hongera, umejua kusoma. Tukupe pipi?"

"Subiri," Bibi akasema. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. "Mbona zamani ilisomwa vingine? Nilikuwa jikoni nasikia. Yule wa kike si alibaki na kamba? Nililia mimi siku ile. Nikasema huyu ndiye mwanangu."

Gazeti la Afisa likakunjwa, likakunjuliwa.

"Tulikuwa watoto," akasema. "Labda nilisoma harakaharaka. Nani anakumbuka? Suala la leo ni Mama atatunzwa na nani."

"Wewe umestaafu, Kaka," Kobe akasema. "Unaamka, unasoma gazeti, unalala, unaamka. Una mikono miwili na haina kidonda. Mimi nitakuja kila jioni nikitoka kazini, nimwogeshe, nibadilishe mashuka. Mchana ni wako."

"Mimi? Mwanamume mzima nimshike Mama..."

"Nilikushika wewe ukiwa na kuhara," Bibi akasema, "na hukuwa mzuri."

Wifi aliuficha uso kwenye bakuli la machungwa, mabega yakitikisika. Ndivyo lilivyoamuliwa, bila kikao wala makofi.

Afisa alimsindikiza mlangoni. Pale kwenye kibaraza, ambapo wengine hawasikii, uso ukamwanguka, akawa mzee ghafla. Akasema kwa kunong'ona, akitazama viatu vyake:

"Nilimsikia Baba usiku mmoja anamwambia Mama, mmoja itabidi abaki, na pengine abaki mkubwa kwanza amsaidie kazi. Mkubwa nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilipoiona ile sura nikajua ukiisikia ilivyo utasema twende wote. Wewe ulikuwa hivyo."

Kwa hiyo alijua. Tena alimjua yeye kuliko alivyojijua. Kobe alisimama ameshika nguzo ya kibaraza, na katika yote aliyoyasikia mwezi ule, hilo ndilo lililomkata: kwamba aliwahi kuwa mtu wa kusema twende wote, na aliyelijua hilo alikuwa mmoja tu, na alinyamaza.

"Rudi ndani ukayaseme hayo mbele ya Mama," akamwambia.

"Mambo ya kale hayo, dada yangu. Mama ni mgonjwa."

"Na mimi sikuumizwa?"

"Tuyaache."

Alirudi ndani yeye, akaweka kitabu mezani, kimefunguliwa kwenye sura ile, akaondoka.

Kitinda alisafiri. Bibi ameanza kusimama kwa kushika meza. Asubuhi mwanawe humletea chai, mwanzoni ikiwa baridi, siku hizi ya moto, na inasemekana amejifunza hata kumchana nywele, ingawa akija mgeni hukificha kitana. Jioni Kobe hufika, hutandika kitanda, kona za shuka zimekaa kama bahasha. Yeye na kaka yake huzungumza habari za dawa na mvua. Kule kazini ameacha kusimulia. Mama Pacha humwomba angalau samaki, naye husema amesahau.

Kitabu kimerudishwa kwenye kabati la vioo, na ufunguo hauko tena kwenye kikombe. Anachodaiwa Afisa ni kidogo kwa mtu aliyesoma: akitoe, akae mbele ya mama yake, aisome sura ya kamba kama ilivyoandikwa, kwa sauti ileile aliyosomea jikoni, na akimaliza aseme kwa nini zamani aliisoma vingine. Mpaka leo hajasoma. Bibi hana umri wa kungoja.

Na Kobe naye anadaiwa. Neno lake alilichukua mbele ya watu, lakini yeye hajamwomba binti yake radhi. Kitinda akipiga simu huulizana habari za baridi ya kule, na mwalimu mkali, na friji lililompiga shoti. Radhi humfika Kobe kwenye ulimi, ikarudi. Husema, "Haya mwanangu, usichelewe kula," akakata simu. Deni hilo ni la kwake. Halimngoji Afisa alipe la kwake kwanza.